Moshi wa dhahabu Migori: Siri ya viwanda vya chipu inayoweza kuokoa maisha

JE, msomaji, unajua kwamba simu iliyo mfukoni mwako ina dhahabu ndani yake? Si nyingi. Hata ukikusanya simu za abiria wote wa matatu moja, hutapata dhahabu ya kutosha pete ya ndoa. Lakini dunia ina simu, tarakilishi na redio nyingi mno, na haba na haba hujaza kibaba. Kila mwaka viwanda vya vifaa vya elektroniki hutumia zaidi ya tani 200 za dhahabu, kwa sababu madini haya hayashiki kutu na hupitisha umeme vizuri.

Dhahabu ikishayeyushwa haina alama ya kijiji ilikotoka. Hakuna awezaye kukuambia kama chembe iliyo ndani ya simu yako ilichimbwa Afrika Kusini, Brazili au Macalder katika kaunti ya Migori. Tunaloweza kusema ni kwamba safari ya dhahabu ina ncha mbili. Ncha moja ni shimo la mchimbaji mdogo. Ncha nyingine ni kiwanda kinachotengeneza chipu, yaani ule ubongo mdogo wa silikoni unaoendesha simu.

Ncha zote mbili hutoa moshi wenye sumu. Katika kiwanda cha chipu, moshi huo hauruhusiwi kutoka nje kabla ya kuchomwa, kuoshwa na kuchujwa. Huko Migori, mara nyingi moshi huingia moja kwa moja katika mapafu ya mama aliyeinama juu ya jiko, na ya mtoto aliye mgongoni mwake. Makala haya yanauliza swali moja: je, wachimbaji wetu wanaweza kuazima ujuzi wa wale wenye mitambo ya mamilioni ya dola? Jibu ni kwamba wanaweza, tena kwa kifaa ambacho fundi wa jua kali anaweza kukiunda.

Dhahabu ya Nyanza Kusini

Uchimbaji wa dhahabu Migori si jambo la jana. Wakati wa ukoloni, kuanzia miaka ya 1930, mgodi wa Macalder ulitoa shaba, dhahabu na fedha. Kampuni iliyouendesha ilifunga kazi mwaka wa 1966. Mitambo mikubwa ilinyamaza, lakini dhahabu haikuisha ardhini. Wenyeji waliendelea kuifuata kwa sururu, nyundo na patasi, na hadi leo sehemu kama Macalder, Osiri na Masara zina maelfu ya watu wanaotegemea mashimo hayo kwa chakula, karo ya shule na matibabu.

Vijana hushuka shimoni na kupandisha mawe. Mawe hupondwa, kisha hupelekwa kwenye mashine ya kusaga mpaka yawe unga. Unga huo humwagiwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa gunia au zulia. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hunasa kwenye nyuzi, nao mchanga mwepesi huenda na maji. Kazi ya kuosha na kukamua mara nyingi ni ya kina mama. Hapo ndipo zebaki inapoingia.

Kidonge cheupe juu ya jiko

Zebaki ndiyo metali pekee iliyo majimaji katika joto la kawaida la chumba. Ni nzito ajabu: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13 na nusu. Tabia yake nyingine ni kupenda dhahabu. Ukiimwaga ndani ya karai lenye mchanga wa dhahabu na kuukanda kwa mkono, huzitafuta chembe ndogo zisizoonekana kwa macho na kuzimeza.

Mama hukamua mchanganyiko huo kwa kitambaa. Zebaki ya ziada hupenya na kudondoka, naye hubaki na kidonge cheupe kinachofanana na fedha. Takriban nusu ya uzito wa kidonge hicho ni dhahabu, na nusu iliyobaki ni zebaki. Mnunuzi hataki zebaki. Basi kidonge huwekwa juu ya kipande cha bati au kijiko kikuukuu, kisha hutiwa motoni.

Ni hesabu ya joto tu. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, nayo dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Makaa mekundu yanatosha kuifukuza zebaki yote na kuiacha dhahabu. Baada ya dakika chache kidonge cheupe hugeuka manjano. Kila mtu hufurahi. Hakuna anayeuliza ile nusu nyingine imekwenda wapi.

Imekwenda hewani. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, wala hauwashi macho kama moshi wa kuni. Ndiyo maana haumtishi mtu. Kazi hii ikifanyiwa jikoni, kama inavyotokea katika nyumba nyingi za wachimbaji, mvuke hupoa na kutua juu ya kuta, mapaa, nguo na vyombo. Siku jua linapochoma bati, hupanda tena. Familia huendelea kuuvuta hata wiki ambayo hakuna kidonge kilichochomwa.

Mwili unavyodhurika

Wengi huogopa kumeza zebaki kuliko kuivuta. Ukweli ni kinyume. Zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hupita tumboni bila kuingia katika damu. (Hii si ruhusa ya kuijaribu!) Lakini mvuke ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Kutoka katika mapafu huingia damuni, na kutoka damuni hufika kwenye figo na ubongo.

Dalili zake ni za hila. Mtu huanza kutetemeka vidole. Hukosa usingizi, husahau mambo, hukasirika upesi, huumwa na kichwa kila mara. Akivuta mvuke mwingi kwa wakati mmoja, kifua humbana na kupumua kukawa kwa shida. Katika eneo lenye malaria kama kando ya Ziwa Victoria, ni rahisi dalili nyingi kati ya hizi kupewa jina la malaria, na mgonjwa akanywa dawa isiyohusu ugonjwa wake.

Walio hatarini zaidi ni wajawazito na watoto. Mvuke ulioingia katika damu ya mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, wakati ubongo wake ndio kwanza unaundwa. Madhara yanayopatikana wakati huo hayarekebishwi na dawa yoyote.

Zebaki ilivyozaa chipu

Sasa tuiache Migori kidogo, twende kwenye ncha ile nyingine. Utashangaa kuona kwamba bila zebaki huenda chipu zisingekuwapo.

Zamani wenye pampu za maji huko Italia walitatizwa na jambo moja. Pampu ya kuvuta ikiwa juu ya kisima haikuweza kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata wakiiendesha kwa nguvu gani. Mwaka wa 1644 mwanasayansi Evangelista Torricelli alitoa maelezo. Alieleza jinsi mrija mrefu wa kioo, ulioziba upande mmoja, unavyojazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka, lakini si yote. Ilisimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake pakabaki nafasi tupu isiyo na hata hewa.

Nafasi hiyo tupu ndiyo wataalamu wanayoiita ombwe. Torricelli alitambua kwamba si ombwe linalovuta zebaki juu. Ni uzito wa hewa ya nje unaoisukuma. Ndivyo ilivyo pia unapokunywa soda kwa mrija: wewe huondoa hewa mdomoni tu, na hewa ya nje hukusukumia soda. Mpaka leo ombwe hupimwa kwa kipimo cha torr, kilichopewa jina kwa heshima yake.

Ugunduzi huo unamhusu mchimbaji wa Migori hata leo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mrija wa Torricelli ukisimamishwa kando ya ziwa hili, zebaki hufika sentimita 66 tu. Vilevile, pampu iliyo juu ya shimo lililojaa maji haiwezi kuvuta zaidi ya mita 9, na kwa kweli hushindwa mapema zaidi. Ndiyo sababu wengine hushawishika kuishusha pampu ya petroli ndani ya shimo. Hilo ni kosa la mauti. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi nyingine isiyo na rangi wala harufu, na shimoni hauna pa kutokea. Kama lazima pampu ishuke, na iwe ya umeme inayozama majini, huku injini ikibaki juu mbali na mdomo wa shimo.

Tuendelee. Mwaka wa 1865 Hermann Sprengel alibuni pampu iliyotumia matone ya zebaki. Kila tone lililoteremka ndani ya mrija mwembamba lilikokota hewa kidogo, mpaka chombo kikabaki karibu kitupu kabisa. Pampu za aina hiyo ndizo zilizomwezesha Thomas Edison mwaka wa 1879 kupata balbu ya kudumu, kwa sababu uzi wa balbu huungua palipo na hewa. Mirija ya kioo iliyotolewa hewa ilimwezesha Wilhelm Röntgen kugundua eksirei mwaka wa 1895, na J. J. Thomson kugundua elektroni mwaka wa 1897. Kutoka hapo njia iliongoza kwenye redio, transista ya mwaka wa 1947 na chipu ya kwanza ya mwaka wa 1958.

Kwa nini kiwanda huhitaji ombwe

Chipu hutengenezwa juu ya kisahani cha silikoni kwa kupaka tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine, na kuzichonga kwa gesi. Kila sentimita ya ujazo ya hewa tunayovuta ina chembe zipatazo bilioni 25 mara bilioni moja. Chembe moja ikijaribu kupita humo, itagongana na wenzake mara elfu moja hivi kabla ya kumaliza unene wa unywele wa kichwani mwako. Fundi anayetaka chembe zake zitue pale tu anapotaka hawezi kufanya kazi katika msongamano kama huo. Ni kama kumrushia mtu ufunguo katikati ya soko la Gikomba. Kwanza sharti awaondoe watu.

Kwa hiyo kisahani huingizwa ndani ya chumba cha chuma, na pampu hutoa hewa. Kisha gesi maalum huingizwa kidogo kidogo. Hapa Kenya tunacho kiwanda cha aina hii: Semiconductor Technologies Limited, kilicho katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri.

Baadhi ya gesi zinazotumika duniani katika kazi hii ni za kuogofya. Sileni hushika moto yenyewe ikigusana na hewa. Arsini na fosfini ni sumu zinazoua. Nyingine, kama kaboni tetrafloraidi, hazimdhuru mtu papo hapo, ila hubaki angani kwa makumi ya maelfu ya miaka zikizuia joto la dunia kutoka. Kilo moja yake hupasha dunia joto mara elfu kadhaa kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa.

Pampu haiangamizi kitu

Hapa ndipo funzo letu lilipo. Wengi hudhani pampu ikivuta kitu, kitu hicho kimekwisha. La. Pampu haiangamizi chochote. Kazi yake ni kuhamisha tu: inachofyonza huku, hukitapika kule. Bila mtambo mwingine mbele yake, pampu ya kiwanda cha chipu ingekuwa bomba la kumwagia majirani sumu.

Kwa hiyo kila pampu hufuatwa na mtambo wa kusafisha. Kwanza gesi huchomwa katika tanuri dogo. Sileni ikichomwa hugeuka kuwa unga mweupe, ambao kwa asili ni sawa na mchanga wa ufuoni. Kisha moshi hupitishwa katika mnyunyizo wa maji, ambapo tindikali huyeyuka na vumbi hunaswa. Mwisho, kwa gesi za hatari zaidi, hewa hupita katika chombo kilichojaa kemikali au makaa maalum yanayofyonza masalio ya sumu. Maji nayo husafishwa kabla ya kumwagwa. Mwaka wa 1999 mabaraza ya viwanda vya chipu duniani yalikubaliana kwamba kufikia mwaka wa 2010 yapunguze moshi wa gesi zile zinazodumu angani kwa asilimia 10 chini ya kiwango cha katikati ya miaka ya 1990. Walitimiza, ingawa uzalishaji wao uliongezeka.

Sasa linganisha na zebaki. Sileni inaweza kugeuzwa mchanga. Zebaki haigeuzwi. Ni elementi, na hakuna moto wala maji yanayoweza kuimaliza. Ikitoka katika jiko la Nyatike itaendelea kuwa zebaki, iwe hewani, mtoni, katika matope au ndani ya samaki. Dawa yake ni moja tu: kuinasa kabla haijatoroka.

Ritoti: kiwanda cha jua kali

Kifaa cha kuinasa huitwa ritoti. Usiogope jina. Yeyote aliyewahi kuona chang'aa ikipikwa anaielewa tayari. Chungu hufunikwa kabisa, mvuke hupitia katika bomba, bomba hupozwa kwa maji, na mvuke hugeuka majimaji na kudondoka. Tofauti ni kwamba hapa kinachodondoka hakinyweki.

Ritoti ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachokazwa kwa skrubu. Juu yake hutoka bomba la chuma linaloinama kuelekea chini, lililozungushiwa kitambaa kibichi au kupitishwa ndani ya debe la maji. Kidonge huwekwa kikombeni, kifuniko hukazwa, moto huwashwa. Zebaki hupanda, hupoa bombani, na kudondoka katika chombo kama ilivyokuwa mwanzo. Ritoti iliyoundwa na kutumiwa vyema hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki. Mchimbaji anaweza kuitumia tena, badala ya kununua nyingine kila wiki.

Yako mambo matatu ambayo fundi anapaswa kuzingatia. La kwanza, isitumike alumini hata kidogo, kwa maana zebaki huila alumini na kuitoboa. Ndiyo sababu pia zebaki haipakiwi ovyo katika ndege. La pili, mabomba yaliyopakwa zinki hayafai. Chuma cheusi ndicho bora.

La tatu ndilo linalohitaji umakini zaidi, nalo ni somo la Torricelli. Ncha ya bomba isizamishwe ndani ya maji. Moto ukizimwa, mvuke ulio ndani ya kikombe hupoa na kuwa matone, na nafasi yake hubaki tupu. Ombwe limezaliwa. Hewa ya nje husukuma maji yapande bombani hadi ndani ya kikombe ambacho bado kina moto mkali. Maji hulipuka kuwa mvuke, na kifuniko kinaweza kuruka. Kwa hiyo ncha iwe juu ya maji kwa upana wa kidole, au izungushiwe tu kitambaa kibichi. Kikombe nacho kisifunguliwe mpaka kipoe kabisa. Anayefungua kwa haraka aone dhahabu yake atavuta palepale mvuke aliokusudia kuukwepa.

Kwa nini basi hazitumiki?

Kama kifaa ni rahisi hivi, mbona moshi bado unapanda? Sababu si ujinga. Ya kwanza ni muda. Juu ya bati wazi kidonge huiva kwa dakika chache, lakini ritoti huchukua muda mrefu zaidi, naye mwenye njaa hana subira. Ya pili ni uaminifu. Kidonge kimoja huwa na wenyewe wengi: mwenye shamba, mwenye mashine, wachimbaji, mwoshaji. Kila mmoja anataka kuiona dhahabu ikiwa motoni, asije akaibiwa ndani ya kikombe kilichofunikwa. Ya tatu ni rangi. Dhahabu hutoka katika ritoti ya chuma ikiwa imefifia, na mnunuzi hupata kisingizio cha kushusha bei, ingawa dhahabu ni ileile.

Sababu hizi zina majibu. Katika nchi nyingine zimeundwa ritoti zenye sehemu ya kioo, ili wote waone. Chama cha wachimbaji kinaweza kuwa na ritoti moja ya pamoja, mahali palipotengwa mbali na nyumba, na vidonge vya watu vikachomwa kwa zamu mbele ya mashahidi. Wanunuzi nao hawana budi kukumbushwa jambo. Dhahabu ya bati bado huwa na zebaki kidogo ndani yake, na inapoyeyushwa dukani hutoa mvuke wa mwisho. Karani wa duka la dhahabu mjini anaweza kudhurika bila kuwahi kukanyaga mgodi. Maduka yanahitaji bomba la kutolea moshi lenye kinasa, si feni inayoutupa barabarani. Kumbuka pampu: kuhamisha si kuangamiza.

Ipo njia bora kuliko ritoti, nayo ni kuacha zebaki kabisa. Meza zinazotikisika hutenga dhahabu kwa uzito wake. Mchanga uliotajirishwa hivyo huyeyushwa pamoja na boraksi, inayoshusha joto la kuyeyuka kwa mchanga na kuiacha dhahabu itulie chini. Wachimbaji wa Benguet huko Ufilipino wametumia boraksi kwa miaka mingi. Njia hii inahitaji mafunzo na meza nzuri, lakini haihitaji sumu.

Ziwa halijui mpaka wa kaunti

Huenda msomaji wa Homa Bay akasema haya ni ya Migori. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 1992, ilipogawanywa wilaya ya zamani ya Nyanza Kusini, Homa Bay na Migori zina ofisi tofauti. Lakini hewa na maji havikugawanywa. Mto Migori huungana na mto Kuja, na maji yake humwagika ziwani katika Nyatike. Ukifuata ufuo kutoka Karungu kwenda kaskazini unaingia Gwassi, Sindo na Mbita, zote za Homa Bay. Samaki hawaulizi wamevuka mpaka gani.

Zebaki ikifika katika matope ya ziwa, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya methili, iliyo kali zaidi na hushika mwilini. Samaki mdogo hula vijidudu, mkubwa hula mdogo, na kila hatua sumu huongezeka. Ndiyo sababu mbuta mkubwa huwa nayo zaidi kuliko omena.

Tusitiane hofu, hata hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 kuhusu samaki wa Ghuba la Winam ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa chini ya viwango vya kimataifa, na waliopita kiwango cha tahadhari walikuwa mbuta wakubwa. Samaki ni chakula bora, na omena ni rafiki wa mtoto anayekua. Lengo ni kulilinda ziwa likiwa bado zima.

Wajapani walichelewa. Katika mji wa Minamata, kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki katika ghuba kwa miaka mingi. Paka waliokula samaki walianza kuyumba na kufa. Mwaka wa 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi kwa watu, na watoto walizaliwa wakiwa na ulemavu mkubwa ilhali mama zao walionekana wazima. Kiwanda kiliendelea kumwaga taka hizo hadi mwaka wa 1968.

Sheria inasemaje?

Jina la mji huo sasa ndilo jina la mkataba wa dunia. Uamuzi wa kuuandaa ulifanywa hapa kwetu Nairobi mwaka wa 2009, katika mkutano wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka wa 2013, ukaanza kufanya kazi mwaka wa 2017, na Kenya ikauidhinisha mwaka wa 2023. Unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha mambo manne katika uchimbaji mdogo: kutia zebaki katika unga wote wa mawe, kuchoma kidonge mahali pa wazi, kuchoma karibu na makazi, na kutumia sayanaidi juu ya mchanga wenye zebaki.

Haja ya mkataba ni kubwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2018 ilikadiria kwamba shughuli za binadamu zilitia hewani takriban tani 2,220 za zebaki katika mwaka wa 2015, na asilimia 38 hivi ilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nayo Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa nafasi ya kupata kibali. Mwenye kibali hana haja ya kujificha, na asiyejificha ni rahisi kumfikishia ritoti, daktari na mafunzo.

Wewe wa mjini ufanye nini?

Msomaji wa jiji, zebaki si ya Migori pekee. Huenda iko nyumbani kwako. Zingatia haya:

* Kipimajoto cha kioo chenye zebaki kikivunjika, watoe watoto chumbani na ufungue madirisha. Kusanya matone kwa karatasi ngumu, uyatie katika chupa yenye kifuniko. Usitumie ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi, kwani huyatawanya.

* Taa ndefu za mirija na zile za kuokoa umeme zina mvuke wa zebaki. Usizivunje wala kuwaachia watoto wazichezee.

* Jihadhari na sabuni na krimu za kujichubua. Baadhi yake hutiwa zebaki, na madhara yake huifikia figo.

* Mwanafunzi asishike zebaki kwa mkono katika maabara, hata kama inavutia kuitazama ikibingirika.

* Mwenye jamaa migodini amwambie mambo mawili leo hii: kidonge kisichomwe jikoni, na mama mjamzito asikaribie moto huo.

* Anayefanya kazi ya zebaki na anatetemeka mikono aende hospitali na aseme waziwazi kazi yake. Daktari asipoambiwa, hawezi kukisia.

Wanafunzi wa fizikia na ufundi, hili nalo ni lenu. Ritoti bora, yenye kioo, ya bei nafuu na isiyoipotezea dhahabu rangi, bado inamngoja wa kuiunda. Kanuni zake zote zimo katika vitabu vyenu vya shule ya upili: kuchemka, kupoa, uzito wa hewa. Nao wateja wako Macalder.